Noti ya Shemeji

Jumatatu, 3 Machi

Mvua imeanza leo, nayo haikupiga hodi. Tulikuwa katikati ya mazoezi, dari likavuja palepale lilipovuja mwaka jana, kati ya kiti changu na cha Fundi Saa. Nikaleta ndoo. Fundi Saa huyu mchana anatengeneza saa za watu, jioni anapiga gitaa la pili katika kikundi chetu cha magitaa manne, na hawezi kuvumilia kitu kinachogonga nje ya mdundo. Aliitazama ile ndoo kama mtu anavyomtazama mlevi msibani.

"Dada, tafadhali tia kitambaa humo ndani, la sivyo nitaanza kuifuata."

Nikatia kitambaa. Tulicheka wote isipokuwa Mwalimu, kiongozi wetu, ambaye sijui kama meno yake yapo yote maana sijapata kuyaona.

Sasa habari yenyewe. Ukumbi mkubwa wa jiji umetuita! Tutapiga mwezi wa tano, mvua zikiisha. Mama msimamizi wa ukumbi atakaa atusikilize, na akiridhika tutachukuliwa mwaka mzima, onyesho kila mwezi na mshahara kama watu wa ofisini. Sisi ambao tumezoea kupiga hotelini watu wakitafuna, hata kupiga makofi hawawezi kwa sababu mikono ina uma!

Mimi nikikosa nina cherehani yangu. Fundi Saa ana saa zake, na Mwalimu, aliyesomea nje ya nchi, anafundisha chuoni. Lakini shemeji yangu, mdogo wake mume wangu, aliacha kazi ya ofisini ili apige gitaa tu. Kwake gitaa ndilo shamba, ndilo ng'ombe. Leo alipoisikia habari alikaa kimya, nikafikiri ni furaha.

Ukucha wangu wa kidole cha kati, ninaopigia nyuzi, umechanika kwenye zipu ya mteja. Nimeubandika kipande cha mpira wa tenisi ya mezani kwa gundi, kama tufanyavyo sisi watu wa gitaa, nikausugua kwa msasa hadi ukawa laini. Ahsante Mungu kwa mpira wa mezani.

Jumatano, 5 Machi

Mvua. Nguo za wateja hazikauki, zinanuka unyevu.

Ijumaa, 7 Machi

Sitaki kuandika hili, ila nikilibakiza kichwani litanikosesha usingizi.

Tunakaa nusu duara: Mwalimu mwanzo, Fundi Saa, mimi, na shemeji mwisho. Kwa hiyo mkono wake wa kulia uko karibu nami kuliko mtu mwingine yeyote. Leo tulipofika mahali penye noti za harakaharaka, niliona kidole chake cha pete kinajikunja na kuingia kiganjani, kama mtoto anayekataa dawa. Noti zake mbili hazikutoka. Akaendelea na vidole vingine kama hakuna lililotokea. Ikapita.

Baadaye nilimshika kwenye korido.

"Shemeji, kidole hicho kina nini?"

"Kidole kipi? Ninavyo kumi."

"Usinichezee."

"Kimechoka tu, shemeji. Baridi hii ya mvua. We' kwani cherehani haikuchoshi?"

Kisha akachukua mwavuli wake, akaufungua kwa mkono uleule, kidole kile kile kikafanya kazi yake vizuri kabisa. Labda kweli ni baridi.

Jumatatu, 10 Machi

Si baridi. Leo joto lilikuwa la kukaanga yai na kidole kilijikunja vilevile.

Halafu nilifanya jambo. Tulipofika pale, nikaona kinaanza kurudi kiganjani, mkono wangu ukaenda wenyewe. Nikaipiga noti yake kwenye gitaa langu, kwa sauti ndogo, nikarudi kwenye zangu. Hakuna aliyegeuka. Shemeji alinitazama kwa pembe ya jicho, nami nikaangalia karatasi.

Nimepiga magoti jioni nikauliza: Bwana, hii ni sadaka au ni uongo? Sijajibiwa. Pengine nimeuliza nikiwa na haraka ya kwenda kuepua sufuria.

Ijumaa, 14 Machi

Nimempigia tena noti zake. Mara nne hivi. Ndoo imejaa.

Ijumaa, 21 Machi

Mambo yanakuwa ya ajabu. Fundi Saa aliweka gitaa chini katikati ya mazoezi, akasema, "Jamani, mimi tu ndiye ninayesikia? Siku hizi gitaa la mwisho limenenepa. Linakula nini?"

Shemeji akacheka, lakini kicheko cha juu juu. "Ni mkono wa shemeji yangu jikoni. Kila Jumapili nakula kwake."

Mimi nikainamia karatasi yangu. Kumbe napiga kwa nguvu mno.

Halafu Mwalimu, bila kumtazama mtu, akasema anabadilisha mpangilio. Mistari yangu miwili, ile mizuri ya kipande cha tatu, anaichukua yeye. "Wewe pumzika hapo," akaniambia. Pumzika! Kama vile mimi ni mgonjwa. Nimeshona gauni zima leo nikisema naye kichwani. Wewe na shule yako ya nje. Mimi niliishia darasa la saba, gitaa nilifundishwa na mpiga kinanda wa kanisani, lakini mistari ile hakuna mtu aliyewahi kuilalamikia.

Nisamehe, Mungu. Ila amenikera.

Jumapili, 23 Machi

Shemeji alikuja chakula cha mchana. Nilimchunguza kama askari. Alimenya chungwa kwa kisu, ganda likatoka refu bila kukatika. Akamfunga mwanangu wa mwisho kamba za viatu. Akaandika namba ya simu ya mtu. Kidole hicho hicho, kizima kama kipya! Kumbe kinagoma kwa gitaa tu. Nani amewahi kusikia ugonjwa wenye macho, unaojua umeshika nini?

Mume wangu akamuuliza, "Maandalizi vipi, bwana mdogo?"

"Safi kabisa, kaka."

Mimi nikachungulia ndani ya sufuria kama kuna kitu nimeangusha humo.

Jumapili, 30 Machi

Unyevu umeingia kwenye mbao, magitaa yote manne yanapanda na kushuka sauti yanavyotaka. Tunakaza nyuzi muda mrefu kuliko tunaopiga.

Ijumaa, 4 Aprili

Leo nilifika mapema. Mlangoni nikapishana na kijana mmoja nadhifu, amebeba kasha la gitaa mgongoni, anatoka chumbani mwetu. Akanisalimia kwa adabu. Kucha zake za mkono wa kulia zimesuguliwa vizuri, ndefu za kupendeza. Mtu wetu kabisa.

Ndani alikuwapo Mwalimu peke yake, anapanga viti.

"Huyo nani?"

"Mgeni," akasema. Akaendelea na viti.

Basi nimeelewa. Ama ni mimi ninayeondolewa, ama ni shemeji. Angekuwa ni mimi ningelia, ningenawa uso, ningerudi kwenye cherehani. Lakini shemeji aende wapi? Arudi kuomba ile kazi ya ofisini aliyoiacha kwa mbwembwe, na wenzake wote wakiwa wamepanda vyeo? Leo nimempigia noti zote, hata zile ambazo angeweza mwenyewe. Niliogopa nikawa kama kuku mwenye vifaranga anapoona kivuli cha mwewe.

Mwewe mwenyewe amekaa kiti cha kwanza, mgongo umenyooka, haongei. Moyo wa mtu yule ni jiwe la kusagia.

Jumamosi, 5 Aprili

Nimeshona kola ya shati la mteja kinyumenyume. Nimefumua.

Jumatatu, 14 Aprili

Mwalimu ametuletea kipande kipya alichokitunga mwenyewe, cha kufungia onyesho. Kinaitwa "Kunakucha". Sitamnyima haki yake: ni kizuri hadi nywele zinasimama. Kuna mahali karibu na mwisho wote tunanyamaza. Kimya kabisa. Halafu inatoka noti moja tu, ya juu, nyembamba, ya kunong'ona, kisha ndipo wote tunarudi pamoja.

Noti hiyo ameiweka kwenye karatasi ya shemeji, na juu yake ameandika kwa penseli kidole kinachotakiwa kuipiga. Cha pete.

Shemeji aliiangalia ile karatasi muda mrefu. Akasema, "Nzuri sana, Mwalimu," na sauti yake ilikuwa kavu. Tulisoma mwanzo tu leo.

Huu ni mtego. Amemchimbia shimo mahali peupe ambapo hata mimi siwezi kumfichia.

Jumanne, 15 Aprili

Mume wangu aliniuliza kwa nini nimekuwa mkimya. Nikasema mvua. Akasema, "Mvua haijawahi kukunyamazisha wewe, mke wangu, labda gharika." Tukacheka. Sikumwambia. Sala ya leo ilikuwa fupi: Bwana, mfiche mtoto wa watu.

Ijumaa, 25 Aprili

Nimechelewa kuwasha taa, naandika karibu na dirisha. Ngoja niseme kwa mpangilio.

Mvua ilinyesha tangu asubuhi. Tulikaa, tukakaza nyuzi. Mwalimu akasema leo "Kunakucha" kuanzia mwanzo hadi mwisho, bila kusimama, hata paa likianguka. Nilikuwa nimeshaamua. Noti ile nitaipiga mimi. Nimeifanyia mazoezi nyumbani kwa siri, niipige kama pumzi, mtu asijue imetoka gitaa gani. Kama ni dhambi, basi iandikwe.

Tukaenda vizuri. Tukafika pale. Wote tukanyamaza. Nasikia tone la ndoo kwenye kitambaa, ptu. Jicho langu liko kwenye mkono wa shemeji. Kidole kikajikunja.

Nikapiga.

Jamani, ile noti ya kunong'ona ilitoka kama mlango uliobamizwa na upepo! Nilishtuka hadi gitaa likaniteleza pajani. Nikafikiri mkono wangu umepata nguvu za kuzimu. Nikatazama pembeni: Fundi Saa kidole chake kiko kwenye uzi ule ule, macho yamemtoka. Nikatazama mbele yake: Mwalimu. Kidole chake nacho kiko kwenye uzi ule ule, nao bado unatetemeka.

Tulikuwa tumepiga watatu. Na mwenye noti alikuwa ameshika magoti kwa mikono miwili.

Ndoo tu. Mwisho shemeji akatutazama mmoja mmoja, akasema, "Jamani. Hii noti yangu imeolewa na wangapi?"

Fundi Saa ndiye aliyeanza. Alicheka akakohoa, akacheka tena. Mimi nikacheka huku nalia.

"Wewe ulianza lini?" nikamuuliza Fundi Saa.

"Tangu mvua ya kwanza. Nilimwona anaruka noti, nikasema kijana atafukuzwa, ngoja nimsitiri. Kwani wewe?"

"Na mimi. Halafu ukasema gitaa limenenepa!"

"Si nilidhani ni yeye anapiga na mimi napiga! Nikamsema makusudi apunguze, nami nipunguze."

"Na mimi," akasema Mwalimu, tukamgeukia. "Ile mistari yako miwili, dada, niliichukua kwa sababu iko jirani na noti zake, ili mkono wangu uwe tayari pale. Nisingeweza kuzifikia kutoka kwenye mistari yangu."

Nilitamani ardhi inimeze. Zaidi ya mwezi nilimsema mtu yule kwenye cherehani!

Shemeji alikuwa anafuta macho. "Mimi mwenzenu nilikuwa nasikia noti inalia na sijaigusa. Nikasema ama nimepona, ama nimerukwa na akili. Siku nyingine nilirudi nyumbani nina furaha kabisa. Nikasema daktari wa nini, mbona zinatoka?"

Hapo kicheko kilinikauka. Nilielewa tumefanya nini. Sisi watatu, kila mtu kwa huruma yake, tulimzibia masikio mgonjwa asisikie ugonjwa wake. Majuma yote haya angekuwa ameshaonekana na daktari.

Nikapata ujasiri nikamgeukia Mwalimu. "Na yule mgeni wa kasha la gitaa?"

"Nilimwita nimsikilize," akasema, bila kujificha. "Sitawadanganya. Anapiga vizuri kuliko sisi wote. Nikamwambia aende."

"Kwa nini?" akauliza shemeji.

"Kwa sababu yule atapata kazi mahali popote." Akaigonga karatasi ya shemeji kwa penseli. "Ile noti nilikuandikia makusudi. Nilitaka ifike pale, pawe kimya, ushindwe kuificha, useme mwenyewe. Nilijiapiza sitaigusa." Akautazama mkono wake kama mtu anavyomtazama mbwa aliyekojoa sebuleni. "Halafu ilipofika nikashindwa."

Shemeji akasema, "Basi nasema. Kidole hiki hakinisikii tena. Kwenye gitaa tu. Naogopa."

Ndivyo alivyosema, neno moja moja. Hatukupiga tena leo. Tulikaa tu, na mvua ikawa inaimba peke yake.

Jumamosi, 26 Aprili

Nimemwambia mume wangu yote. Alikasirika kidogo. "Wewe na yeye mna midomo ya kufuli." Kisha akavaa viatu akaenda kwa mdogo wake kwenye mvua, akasahau mwavuli.

Jumanne, 29 Aprili

Daktari wa mishipa ya fahamu. Tulienda wote, mume wangu, mimi na shemeji, na Mwalimu tulimkuta ameshafika, amekaa kwenye benchi na gitaa, kwa sababu alijua bila gitaa kidole hakitaonyesha tabia yake. Daktari akamwambia shemeji apige palepale. Wagonjwa wa nje wakachungulia mlangoni.

Daktari akasema si kiharusi (nikashusha pumzi), na wala si woga. Kidole chenyewe kizima. Iliyochoka ni njia ya kutoka kwenye ubongo kwenda kwenye kidole, kwa kurudia jambo moja miaka mingi. Huwapata wapiga vyombo na watu wa kazi ndogondogo za vidole. Kidole hicho huenda kisirudi kama zamani. Ila vingine havina shida, vinaweza kufundishwa njia mpya, taratibu, bila kulazimisha. Na angekuja mapema, asingekilazimisha kiasi hiki. Sisi watu wa kusitiri tukaangalia sakafu.

Nje shemeji aliuliza, "Mwalimu, mpiga gitaa wa vidole vitatu ni mpiga gitaa?"

"Kidole gumba, cha shahada na cha kati," Mwalimu akahesabu. "Kile kidogo cha mwisho hatukitumii hata sisi. Nipe hadi Ijumaa."

Ijumaa, 2 Mei

Mwalimu amekuja na karatasi zote za gitaa la mwisho, ameziandika upya kwa mkono. Macho mekundu. Noti nyingi za juu amegawa kwetu kihalali. Shemeji amebaki na zile nzito za chini na za katikati, vidole vitatu. Fundi Saa akasema, "Sasa ndiyo nitaiba kwa kibali."

Ile noti ya kimya kwenye "Kunakucha" tu hakuigawa. Iko palepale kwa shemeji. Juu yake, ile alama ya penseli imefutwa, imewekwa ya kidole gumba.

"Gumba, la nyuzi nzito, kwenye uzi wa juu?" shemeji akashangaa. "Itatoka nene."

"Itoke nene," akasema Mwalimu.

Jumatatu, 5 Mei

Imetoka kama mtu anayekohoa.

Ijumaa, 9 Mei

Mara moja vizuri, mara mbili hapana. Mvua inapungua. Kila tukifika pale naona vidole vya Fundi Saa vinawashwa. Na vyangu. Tumekula kiapo, watatu sisi, mbele ya shemeji: hakuna kugusa. Ikikosekana, ikosekane. Mwalimu aliapa kwanza.

Jumatano, 14 Mei

Ndoo kavu. Nimeirudisha stoo.

Jumapili, 18 Mei

Tumechukuliwa! Mwaka mzima. Mama wa ukumbi alikuja nyuma ya jukwaa jana mwenyewe, akatushika mikono. Naliandika hili kwanza ili moyo utulie, kisha nieleze.

Ukumbi ule ni mkubwa, viti vyekundu, dari lisilovuja. Nilisali chooni kwa sababu ndiko palipokuwa na utulivu. Mume wangu alikaa mstari wa tatu, amevaa shati nililomshonea, kola ikiwa upande unaotakiwa. Tulipiga vipande vyote, na shemeji chini kule alikuwa imara kama msingi wa nyumba. Nilimsikia yeye mwenyewe kwa mara ya kwanza tangu mvua zianze. Nilikuwa nimesahau anavyopiga.

Kisha "Kunakucha". Tukafika pale. Tukanyamaza, na ukumbi ukanyamaza nasi, hakuna hata tone la ndoo. Mkono wangu nikauweka gotini. Niliona Fundi Saa, mtu mzima yule, ameukalia wake. Mwalimu aliushika wa kulia kwa wa kushoto, kama anayezuia mtoto asivuke barabara.

Hakuna noti.

Bwana, nilijua maana ya kusubiri. Nilisikia kiti kikilia nyuma huko. Nilitaka kuipiga kuliko nilivyowahi kutaka kitu. Sikuipiga.

Kisha ikatoka. Si nyembamba, si ya kunong'ona. Nene, ya joto, kama mtu aliyeamka sasa hivi anayekuita jina lako kabla hajasafisha koo. Moja tu, ya mtu mmoja. Tukaingia wote nyuma yake.

Fundi Saa anasema ilichelewa. Akafikiri kidogo, akasema ilichelewa kiasi kinachofaa, na kwa mtu yule hiyo ni sifa ambayo hajapata kumpa hata mkewe.

Watu waliposimama kupiga makofi nikageuka kumtazama shemeji, lakini yeye alikuwa anamtazama Mwalimu. Nami nikatazama huko. Basi nimeyaona meno ya Mwalimu. Limepungua moja, la juu, upande wa kushoto.